Wanaimba vizuri, ubaoni wanakwama

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule ya msingi mkoani Dodoma, darasa la tano, wanafunzi 63. Nimepewa kipengele cha muziki kwenye Sanaa na Michezo kwa sababu tu naimba kwaya kanisani. Watoto wanaimba vizuri, wengine wanajiwekea sauti ya pili bila kufundishwa, lakini nikiandika nota ubaoni wanakodoa macho. Wapo pia, hasa wavulana, ambao nikiwaita mmoja mmoja hawafungui kinywa kabisa. Chuoni tulisoma Piaget, Vygotsky, Skinner na Bandura, tukafanya mtihani, nikafunga daftari. Kuna nadharia yoyote kati ya hizo inayosaidia kweli kwenye kipindi cha muziki? Na zawadi je? Nina ngoma tatu, kayamba nne na filimbi mbili za plastiki."

Marahaba, mwalimu. Kwanza hilo daftari ulilolifunga: hukukosea peke yako. Vyuoni nadharia hizi hufundishwa kama ukoo wa wazee: huyu alizaliwa wapi, alisema nini, taja hatua zake nne, toa mfano mmoja. Mwanafunzi anatoka na majina, hajui ayafanyie nini. Mimi nazitumia kama mganga wa zahanati anavyotumia kipimo. Kipimo hakitibu mtu, ila kinakuonyesha ugonjwa ulipo. Watoto wawili wanaweza kushindwa mstari uleule wa nota, mmoja kwa sababu hasikii pigo, mwingine kwa sababu anaogopa wenzake watamcheka. Ukiwapa dawa moja, umemtibu mmoja na kumtesa mwingine.

Kwa hiyo sitazipitia nadharia moja baada ya nyingine. Naanza na nota zako.

Siku ya kwanza ya nota ulichora nini ubaoni? Nakisia: mistari mitano, ule ufunguo uliojikunja kama konokono, halafu majina ya nota na urefu wake. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo nilivyofundisha miaka yangu ya mwanzo. Jerome Bruner, mwanasaikolojia Mmarekani aliyeandika sana kuhusu shule miaka ya 1960, alisema tunajua jambo kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa taswira na kwa alama. Msichana anayetoka kisimani na ndoo kichwani, mikono imening'inia, anajua mizani kwa shingo na kiuno chake. Hana mchoro wala kanuni ya fizikia, na ndoo haimwagiki. Watoto wako wana hiyo njia ya kwanza tele, wewe ukawarusha moja kwa moja hadi ya tatu. Wanakodoa macho kwa sababu katikati hapakuwekwa kitu cha kukanyaga.

Fanya hivi. Chukua wimbo wanaoujua, hata wa kurukia kamba. Waimbe wamesimama, wakikanyaga chini kila pigo. Miguu ikishatulia, iendelee vilevile, na mikono ianze kupiga makofi kwa kila silabi ya maneno. Utacheka: nusu ya darasa miguu itaanza kuifuata mikono. Usikasirike, maana hapo ndipo umepata kipimo chako. Watoto hao hawajatenganisha pigo na mdundo. Pigo linakwenda sawasawa kama moyo, mdundo wa maneno unakimbia na kupumzika juu yake. Nota unazoandika ubaoni zinapima hicho cha pili kwa hicho cha kwanza. Asiyevitenganisha mwilini, ubao haumwambii kitu hata ukiandika kwa chaki za rangi. Kaa hapo wiki mbili ikibidi, na mkaguzi akija mwambie unafundisha nota, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kisha taswira. Watume walete vizibo vya soda. Kizibo kimoja kwa kila pigo lenye silabi moja, na viwili vilivyogusana pale pigo lilipobeba silabi mbili. Kila dawati lipange mstari wake, halafu wabadilishane nafasi na kupiga makofi walichopanga wenzao. Wakifanya hivyo wanasoma muziki tayari, ingawa hakuna nota hata moja. Wakishazoea, siku moja chora vizibo hivyo ubaoni, vipe vijiti, na vile vilivyogusana viunge kwa mstari juu. Hutahitaji kueleza sana.

Walimu wa Hungaria waliomfuata Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa huko, wana silabi zao za mdundo: "ta" kwa pigo zima, "ti-ti" kwa pigo lililogawanywa mara mbili. Zinafaa, ila mimi napenda maneno ya nyumbani. "Njoo" ni pigo moja. "Maji" ni pigo lililogawanywa mara mbili, "nyanya chungu" mara nne. Niliwahi kujaribu "mandazi" kwa pigo lililogawanywa mara tatu, darasa likanishinda. Nilichelewa kuelewa kwamba kosa lilikuwa langu: Kiswahili kinatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mtoto anasema ma-NDA-zi, na pigo linaangukia "nda". Ile "ma" inatangulia. Tangu siku hiyo "mandazi" nalitumia kufundisha jambo jingine ambalo vitabu hulieleza kwa taabu, yaani wimbo unaoanza kabla ya pigo la kwanza. Watoto wanalielewa kwa dakika moja.

Na sol-fa usiidharau. Najua kuna wasomi wa muziki wanaoiona kuwa kitu cha kwaya za vijijini, na hapo sikubaliani nao hata kidogo. Mfumo wa do, re, mi tunaouimba makanisani ulienezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katikati ya karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na wamisionari ndio waliotuletea huku. Kodály na wenzake, walipotafuta namna ya kuwafundisha watoto wa Hungaria, walichukua do hiyohiyo inayohama, yaani isiyofungwa kwenye sauti moja, pamoja na ishara za mkono za Curwen. Chombo tunachokionea haya ndicho Hungaria walichokichagua kwa shule zao. Kwa watoto wako sol-fa ni ngazi nzuri kati ya sikio na mistari mitano: ni alama tayari, lakini kila herufi ina sauti wanayoijua. Tumia na ishara za mkono. Mtoto akiona mkono wa "so" uko juu ya mkono wa "mi", sauti imepata kimo.

Kuna sababu nyingine inayowakwamisha kwenye nota, nayo ni ndogo lakini inaua vipindi vingi: wingi wa mambo mapya kwa mara moja. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba kumbukumbu ya papo kwa papo hubeba vitu kama saba hivi, na watafiti waliokuja baadaye wamepunguza zaidi, hadi kama vinne. Mpe mtoto nota ubaoni, ajue jina lake, urefu wake, aimbe kwa sauti sahihi na maneno ya wimbo mpya. Umejaza debe likamwagika. Wewe huoni tabu, kwa sababu ukiona do-mi-so unaona kitu kimoja, kama unavyosoma neno "kesho" bila kuhesabu herufi. Yeye anaona vitu vitatu, na kila kimoja kina maswali yake. Dawa ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati. Mdundo mpya uje kwa wimbo wa zamani, na sauti mpya zije kwa mdundo wa zamani. Ukifuata hilo tu na kusahau yote mengine niliyoandika hapa, bado utaona tofauti.

Piaget, Mswisi aliyechunguza akili ya mtoto inavyokua, nitampitia haraka. Miaka ya 1960 mtafiti Marilyn Pflederer alichukua wazo la Piaget lililo maarufu, lile la mtoto kuona maji yamepungua au kuongezeka yanapomiminwa kwenye chombo chenye umbo tofauti, akalipeleka kwenye muziki: je, mtoto anajua kwamba wimbo ni uleule hata ukiimbwa kwa mwendo mwingine? Wadogo wengi husema ni wimbo mwingine. Darasa la tano wengi wako wameshavuka hapo, lakini jaribu siku moja. Imba wimbo wanaoujua taratibu mno, uone nani anautambua. Asiyeutambua bado hajafika pa kufundishwa kugeuza wimbo wa furaha kuwa wa huzuni. Zile hatua nne za Piaget za kukua kwa akili na umri wake usizifanye ukuta. Nimeona watoto wa miaka saba wakishika sauti ya pili vizuri kuliko wanakwaya wazima.

Na hilo linanirudisha Dodoma. Unasema watoto wako wanajiwekea sauti ya pili bila kufundishwa, kana kwamba ni muujiza. Mwalimu, uko kwa Wagogo! Kuimba kwa sauti kadhaa zinazopishana ni jambo la nyumbani huko, wanalisikia wakiwa bado mgongoni kwa mama. Ukitaka kumwelewa Vygotsky, nenda kaangalie ngoma ya muheme inayopigwa na akina mama. Anayejifunza hawekwi chumbani kufundishwa misingi. Anakuwa ndani ya ngoma tangu mwanzo, amepewa sehemu nyepesi isiyobadilika, na amezungukwa na wanaojua. Ngoma haisimami kwa ajili yake, ila inambeba. Akizoea, anapewa sehemu nzito zaidi. Vygotsky, Mrusi aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37 tu, aliliita eneo hilo kwa jina refu mlilolikariri chuoni. Maana yake ni ile nafasi iliyopo kati ya analoweza mtoto peke yake na analoweza akiwa na mwenye ujuzi pembeni. Kufundisha kunafanyika humo. Chini yake unamchosha, juu yake unamtisha.

Watoto 63 kwa ngoma tatu ni tatizo kubwa ukitaka kila mtoto apige ngoma. Ukipanga darasa kama ngoma yenyewe, linapungua. Kundi moja linashika pigo kwa miguu, jingine linapiga mdundo mfupi usiobadilika juu ya madawati, la tatu linaitikia, na katikati pana ngoma tatu na kayamba nne mikononi mwa saba wanaoweza. Pembeni ya kila mmoja wa saba hao anakaa mwanafunzi anayepiga mapaja yake kwa mdundo huohuo, akingoja zamu. Ukipiga kengele ndogo wanabadilishana bila wimbo kukatika. Hao wanaongoja wanajifunza zaidi kuliko unavyodhani.

Ila kuna mtego, na mimi niliingia. Fundi mwashi husimamisha mirunda na majukwaa ili ajenge juu, na nyumba ikishasimama anaiondoa yote. Mwalimu wa muziki husahau kuondoa. Mwaka mmoja niliandaa kwaya ya sekondari kwa mashindano, na kwa miezi mitatu niliimba sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, pamoja na vijana wangu kwa sababu walikuwa dhaifu. Walinoga. Siku ya mashindano nikasimama mbele kuongoza, mdomo umefungwa kama ilivyo desturi, na ubeti wa pili sauti ya tena nzima ikapotea kama ndege waliotishwa. Sauti iliyonoga siku zote ilikuwa yangu. Siku hizi katika kila kipindi nanyamaza angalau mara moja ghafla, wimbo ukiendelea, nisikilize kilichobaki. Fanya hivyo kesho. Kinachobaki ukinyamaza ndicho wanachojua.

Sasa hao wasiofungua kinywa. Hapa ndipo ningekaa na wewe kirefu kama tungekuwa na chai.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza, akataja chemchemi zake nne: kuwahi kulifanya ukafaulu, kumwona mtu kama wewe akilifanya, kuambiwa na unayemwamini kwamba utaweza, na hali ya mwili wako wakati huo. Tazama tunavyozikausha zote kwa pamoja. Tunamwita mtoto mbele ya wenzake 62, koo limekauka, moyo unadunda. Kabla yake tumemwimbisha yule bingwa wa darasa, eti awe mfano. Akikosea wanacheka. Nasi tunamalizia: "Wewe sauti yako kama chura, kaa chini." Watu wazima wengi waliowahi kuniambia hawawezi kuimba walinitajia pia darasa na mwalimu aliyewaambia hivyo.

Geuza mpangilio. Usianze na mmoja mmoja. Anza na safu ya madawati, kisha watano, kisha wawili waliochagua wenyewe kuimba pamoja, na kuitikia neno moja tu kabla ya mstari mzima. Wimbo wa kiongozi na kiitikio unafaa sana: mtoto anaweza kuwa kiongozi wa maneno matatu, darasa likampokea kabla aibu haijamfikia. Na unapotafuta wa mfano, mwache bingwa. Mchague mtoto wa kawaida aliyeshindwa wiki iliyopita na leo ameweza. Wenzake wakimwona yeye wanajisemea, hata mimi. Wakimwona bingwa wanasema, yule amezaliwa hivyo.

Wavulana wana jambo lao la ziada. Darasa la tano huwa na waliochelewa kuanza shule, wenye miaka 13 au 14, na sauti zao zimeanza kuvunjika. Leo anaifikia nota, kesho inamkatikia katikati kama redio yenye betri chovu. Hajui kinachompata na anadhani amepoteza kipaji. Mweleze waziwazi kwamba koo linakua, tena mweleze faraghani. Mpe sehemu yenye sauti tatu au nne tu pale anapopaweza, au mpe ngoma kwa miezi michache bila kumtenga na waimbaji. Usimlazimishe afuate wasichana kule juu.

Kwa yule anayeimba sauti moja kama anasoma, usiendelee kumpigia nota umwambie afuate. Mwambie alie kama king'ora, chini hadi juu na kurudi, au aige pikipiki inayopanda mlima, ili ajue sauti yake ina ngazi. Kisha asimame popote anapotaka, na wewe ndiye umfuate hapo. Imba sauti aliyoishika yeye. Zikikutana atasikia zile sauti mbili zimekuwa moja, na kwa wengine itakuwa mara ya kwanza maishani kulisikia hilo. Kutoka hapo mwongoze hatua moja juu. Kama wewe ni mwanamume, kumbuka unaimba chini sana kuliko wao, na baadhi wanapotea kwa sababu hiyo tu. Msimamishe mtoto mwenzao atoe sauti ya kuanzia. Wasioweza kabisa kutofautisha sauti kwa kuzaliwa wapo, ila ni wachache sana, na miaka yote hii nimeshuku wawili tu.

Kuhusu zawadi: Skinner, mwanasaikolojia Mmarekani, alikuwa sahihi kwamba tendo linalofuatwa na kitu kizuri hurudiwa. Lakini mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakawaahidi baadhi yao cheti wakichora. Baadaye, walipoachwa huru, walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupoa. Watoto wako tayari wanapenda kuimba, mwalimu, usije ukawanunua kitu wanachokupa bure. Peremende weka kwa ajili ya kufagia darasa. Kwa kuimba, makofi ya kilo yanatosha, pamoja na neno linalotaja kitu hasa alichofanya: "Umeshika pigo mpaka mwisho hata wenzako walipokimbia." Hilo atalirudia. "Hongera sana" haimwambii arudie nini.

Jambo moja hukuuliza ila nitalisema. Mwanakwaya wewe, najua mnavyofanya mazoezi: kila siku mnaanza ubeti wa kwanza, mkifika mahali pagumu mnakosea, mnarudi mwanzo. Mwezi ukiisha mwanzo unang'aa na pale pagumu pamekuwa kosa lililokaririwa. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walipowachunguza wapiga fidla wa chuo kimoja mjini Berlin, watu walishika hesabu ya saa 10,000 za mazoezi wakaacha la maana, yaani namna ya mazoezi: kulenga udhaifu, kuusikiliza, kuurekebisha. Anza na pale pagumu. Vipande viwili vifupi vya wimbo, polepole, mara tano, kisha uunganishe na kilichotangulia. Na dakika nane za nota katika kila kipindi zitakaa kichwani kuliko mwezi mmoja wa nota tupu.

Utasikia pia semina zikisema kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, huyu wa macho, yule wa masikio. Hal Pashler na wenzake waliupitia ushahidi mwaka 2008 na hawakukuta msingi wa kuwagawa watoto hivyo. Darasa la muziki linataka macho, masikio na miguu ya kila mtoto. Na mkuu wa shule akikuuliza faida ya kipindi chako, usimpe hadithi kwamba kusikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, kunaongeza akili. Utafiti wa 1993 ulioanzisha hadithi hiyo ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, juu ya maswali ya maumbo, na matokeo yalidumu kama robo saa. Mwalike darasani asikie.

Zile filimbi mbili zifungie kabatini kwanza. Vidole, pumzi, ulimi na nota ni mambo manne mapya kwa pamoja, na una watoto 63. Muhula ujao, wale watakaokuwa wanasoma vizibo vya soda bila kusita, wape nota tatu za mkono wa kushoto tu, na wimbo ambao tayari wanaimba.